Lori la Baba Halikuwa na Kutu

Mimi kutu naijua. Sioni haya kujisifu, maana nisipojisifu mwenyewe atanisifu nani, huyu mume wangu anayewaita watu wangu wa plastiki "wapangaji"? Kutu ya bawaba si kutu ya bomba la moshi. Ya bawaba hutiririka kwenda chini, nyembamba, rangi ya chai ya rangi. Ya bomba la moshi ni kavu, nyekundu kama tofali, na ukiigusa inakuachia unga kidoleni. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikizipaka zote mbili kwenye magari yanayokaa kiganjani, na hajatokea mtu wa kuniambia nimekosea. Mpaka Alhamisi ile, siku mbili tu kabla ya mashindano, aliponiambia baba yangu mzazi.

Kwanza nijieleze. Kazi inayonilisha ni kutengeneza meno ya bandia. Daktari ananiletea umbo la kinywa cha mtu, mimi namwaga plasta, nachonga nta, napanga meno, nasugua mpaka ulimi usikwaruzike. Jioni na siku za mapumziko, kwenye meza ambayo zamani ilikuwa ya kulia chakula, naunda mandhari za vita. Naanza na ubao mtupu, naweka udongo, mto, miti, magari na watu. Mtu mzima kwangu ana urefu wa sentimita tano. Lori zima linatosha kwenye sahani. Vifaa ni vile vile vya kazini: plasta ile ile, nta ile ile, na vikeekee vidogo vya daktari wa meno ambavyo vikishakuwa butu kwa mgonjwa, kwangu ndiyo kwanza vinaanza maisha.

Na kazi ya meno imenifundisha jambo moja ambalo nilikuwa naliamini kama ninavyoamini kuwa kesho kutakucha. Kitu kisafi mno kinaonekana cha uongo. Anakuja bwana wa miaka sitini, anataka meno meupe pepepe. Ukimpa anavyotaka, akicheka kila mtu anajua ni ya dukani. Kwa hiyo nampaka umanjano kidogo shingoni mwa jino, naweka mstari wa kahawa, nachonga ufa mmoja mwembamba. Akivaa, mke wake mwenyewe anasahau. Basi na magari yangu nayafanya vivyo hivyo. Tope, masizi, mikwaruzo, kutu. Gari likitoka mezani kwangu utadhani limeshapigana vita vitatu.

Chama chetu cha waunda modeli hufanya maonyesho kila baada ya miaka miwili, kwenye ukumbi wa makumbusho ya vita. Mara tatu nimekuwa wa pili. Wa pili! Afadhali uwe wa kumi, utajua moja. Lakini safari hii makumbusho walitangaza kwamba kazi ya mshindi haitarudi nyumbani. Itawekwa mlangoni, ndani ya sanduku la kioo, moja kwa moja, iwe kitu cha kwanza anachokiona kila anayeingia. Niliposikia hilo, usingizi ukanikimbia kwa furaha, maana nilijua palepale nitakachokiunda.

Baba alikuwa fundi magari wa jeshi. Ana miaka themanini na moja sasa, amekula chumvi nyingi, lakini akisikia injini inapita barabarani bado anainua kichwa na kukwambia ugonjwa wake. Vitani alikuwa na lori la karakana: nyuma kuna meza ya kazi, jiliwa la kubania vyuma, droo za spana, jeki mbili. Yeye na lori lake walifuata msafara na kufufua kilichokufa. Mwaka mmoja mume wangu alimpeleka makumbusho kumfurahisha. Mzee akatembea ukumbi mzima, akatazama mizinga, akatazama picha za makamanda, akatazama nishani. Alipotoka akasema, "Sisi hatukuwepo," kisha akaomba chai. Hakulalamika, hakununa, alisema tu kama mtu anayekwambia duka limefungwa. Mimi yale maneno yalinikata maini. Nikaapa kwamba lori lake litasimama mlangoni mwa jumba lile, na kibandiko chini yake kiseme ni la fundi.

Miezi kumi na minne nilikuwa kwenye kazi hiyo. Mzee anaishi kwa mdogo wangu, upande wa pili wa mji, kwa hiyo haikuwa vigumu kumficha. Nilimchokonoa kwa simu. "Baba, hivi gurudumu la lori lile lilikuwa na nati ngapi?" "Sita. Kwani unataka kununua?" "Nimeuliza tu." Siku nyingine nauliza jiliwa lilifungwa upande gani, au ndoo zilining'inizwa wapi. Alinijibu kila kitu, na kila alichonijibu nilikiunda. Spana zangu ni nyembamba kuliko mguu wa mbu, na zimepangwa kwa ukubwa.

Mandhari yenyewe ilikuwa kivuko cha mto ambacho baba hukitaja mara kwa mara, asubuhi baada ya mvua. Gari la wagonjwa limenasa kwenye tope mpaka ekseli. Askari wawili wanavuta kamba. Kando yake, kwenye sehemu iliyoinuka kidogo, lori la karakana, na pembeni yake fundi mwenyewe, kitambaa mkononi, ovaroli la bluu limenyooka kama limetoka kupigwa pasi. Uso nilimpa wa baba, kutoka kwenye picha yake ya ujana. Lori je? Lo! Lori nililimaliza. Wiki tatu nzima nilikuwa kwenye tope peke yake. Kuna tope la jana lililokauka na kupasuka, kuna la leo, na kuna la sasa hivi ambalo bado linang'aa. Kutu niliitengeneza kwa unga wa chuma halisi niliouchovya kwenye siki. Nilipomaliza nilimwita mume wangu, nikamwambia, "Tazama, kisha uniambie ni nani wa kunishinda." Yeye ni mwalimu wa hesabu, sifa haimdondoki mdomoni hata kwa bahati mbaya. Akatazama, akasema, "Mke wangu, hilo ukilikaribia unaweza kupata pepopunda." Nikaona basi, nimeshinda.

Alhamisi mchana akaenda kumchukua baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Haya, nionyeshe hicho kilichofanya niulizwe nati."

Nilimwekea kiti na taa. Akavaa miwani, akainama. Mimi nimesimama nyuma yake roho juu juu kama mtoto anayesubiri matokeo. Kisha akaanza kucheka kidogo kidogo. "Hata jiliwa umeliweka! Na droo ya tatu... hii ilikuwa haifungi."

"Ndiyo maana nimeiacha wazi," nikasema. "Uliniambia mwezi wa pili."

"Ala! Na huyu ni mimi." Akamtazama yule fundi, akajishika shavu. Nikaona macho yake yanalowa, nikasema moyoni, hapa sasa nimeua. Lori lilikuwa halijagundishwa bado, kwa hiyo nikalinyanyua kwa vidole viwili, nikaligeuza ili aone chini, maana kule ndiko nilikojimwaga zaidi: springi, ekseli, mirija, vyote vimefunikwa tope tabaka juu ya tabaka. Nikasubiri sifa.

Cheko la mzee likaisha usoni. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena kana kwamba miwani ndiyo yenye makosa.

"Mama," akasema, "nani ameliacha lori langu hivi?"

Nikadhani anatania. "Vita, baba. Ni vita vimeliacha hivyo."

"Vita havioshi magari. Fundi ndiye anaosha. Lori langu halikuwahi kuwa na kutu hata siku moja. Na hili tope, toka lini hili? La juzi hili! Ina maana mimi nililala siku mbili?"

Damu ikanichemka. Miezi kumi na minne, jamani! Nikamjibu, na sikumjibu kwa adabu. "Baba, hii ni mandhari ya vita, siyo duka la magari mapya! Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuosha lori huku anapigwa risasi!"

"Wewe ulikuwepo?"

Mume wangu akakohoa na kujifanya anatafuta ufunguo.

Baba hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua pa kumshikia. Aliniambia taratibu, huku kidole chake kikipita juu ya lori bila kuligusa. "Kila asubuhi, ndoo nne. Kabla ya chai, kabla hata sijanawa uso. Unajua kwa nini?"

"Ili kamanda afurahi," nikasema kwa ujeuri.

"Kamanda! Kamanda alikuwa ananiona chizi. Gari chafu linaficha, mama. Mafuta yakivuja utajuaje, na kila mahali pamelowa tope? Ufa utauonea wapi?" Kisha akanieleza jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwahi kulisikia. Kwamba pale pale mtoni, gari la wagonjwa liliponasa, waliamriwa majeruhi wahamishiwe kwenye lori lake. Watu kumi na mmoja. Wamepakiwa, wengine wanalia, dereva anapiga honi, kamanda anatukana, na yeye anazunguka na ndoo. Anaosha. Wakamwita kila jina. Nyuma kushoto, kwenye mrija wa breki, akaona unyevu mwembamba kama uzi. Akaufuta, ukarudi. Akaufuta tena, ukarudi. Akalala chini, akabadilisha mrija kwa dakika ishirini huku matusi yanamnyeshea. Mbele yao kulikuwa na mteremko wa kilomita saba, kona juu ya kona, kabla ya kufika hospitali. "Wote kumi na mmoja walifika," akasema. "Na wewe umenipakia tope mpaka kwenye mrija wa breki."

Akasimama. Akaniambia mto nimeupatia sana, na miti pia. Akaondoka shingo upande, na mimi nikabaki na lori mkononi, nimegeuzwa mjinga na mtu ninayemfanyia wema.

Mume wangu aliporudi kutoka kumpeleka mzee alinikuta nazunguka meza. "Usiniambie kitu," nikamwambia.

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema."

"Nilitaka kusema kesi hiyo umeshindwa," akasema, akaenda kusahihisha madaftari.

Ngoja nikueleze nilichokuwa nakitazama. Majaji wetu wana alama mia, na thelathini kati ya hizo ni za uchakavu: kutu, tope, mikwaruzo. Jaji mkuu ni mchoraji ramani mstaafu, tunamwita Tochi kwa sababu hutembea na kitochi chembamba kama kalamu, na anaingiza mwanga wake hata pale ambapo wewe mwenyewe uliyeunda hujawahi kupaona. Ukimpelekea Tochi lori safi katikati ya tope, unampelekea sifuri kwenye thelathini. Kwaheri mlango, karibu tena nafasi ya pili, au hata hiyo usiipate. Kwa upande mwingine, nikishinda na lile chafu, basi lori la baba litasimama pale mlangoni miaka na miaka, na kibandiko kinasema ni la fundi wa karakana, na kila anayepita anaona fundi gani huyo mvivu. Na baba anajua. Hata asipokwenda kuliona tena, anajua.

Nilitafuta njia ya katikati, nikaikosa. Ijumaa asubuhi nikapiga simu kazini, nikasema leo kuna watu watakaa bila meno, mnisamehe. Nikafungua chupa ya spiriti, nikachukua pamba, nikaanza kuosha.

Nililaani, nisikudanganye. Kila pamba iliyotoka nyekundu ilikuwa siku yangu moja inakwenda kwenye pipa. Kutu ile ya siki, ambayo hakuna mtu mwingine chamani anayeijua, ilitoka kwa dakika tano. Kufika saa sita mchana rangi yangu ya kwanza, ile kijani ya jeshi, ikaanza kutokeza, na mkono ukapata mwendo wake, ukawa unakwenda wenyewe kutoka boneti kwenda nyuma, na hasira ikapungua bila kuniaga. Nikafika chini. Nikaosha springi, nikaosha ekseli, na pale ekseli ya mbele ilipokutana na fremu nikaona kamstari. Nikadhani ni uchafu, nikafuta. Bado kapo. Ulikuwa ufa wa gundi. Ekseli nzima ilikuwa imeshikiliwa na tope langu tu, na kwa barabara zetu isingefika hata nusu ya safari. Nilicheka peke yangu mezani kama mwendawazimu. Niliuziba, na baba sikumwambia mpaka leo, maana angetamba mwaka mzima.

Matairi niliyaachia tope pale yanapokanyaga. Chini ya lori nikamwaga utomvu wa kung'aa uwe maji ya kuoshea yanayotiririka kuelekea mtoni. Nikaweka ndoo nne. Jioni nikaligundisha mahali pake na nikatazama. Kusema kweli lilikuwa zuri, lakini kwa macho yangu ya meno lilikuwa kama jino jipya kwenye kinywa cha mzee.

Jumamosi baba alikuja ukumbini amevaa koti. Sikumwambia kitu, nikamwacha akaribie mwenyewe. Alipoliona lori alisimama wima, mikono ikashuka ubavuni, na nadhani hakujua kama imeshuka. Akapitisha macho polepole, mbele hadi nyuma. Hakunishukuru, baba si mtu wa hivyo. Alisogeza kiti akakaa kando ya meza yangu, na hakukubali kutembezwa kuona za wengine, isipokuwa mara moja tu, kwenye kifaru cha meza ya jirani kilichokuwa na kutu mpaka imeota kutu nyingine. Alirudi akitikisa kichwa. "Kile," akasema, "kingekufa kabla hakijatoka getini."

Tochi alifika kwetu saa nne. Akainama, akaingiza mwanga kwenye mto, kwenye kamba, kwenye droo. Akawa anaguna vizuri. Kisha mwanga ukatua kwenye lori na ukakaa hapo. Akanyooka, akanivuta pembeni hatua mbili, ambazo kwa masikio ya baba si kitu.

"Hili halijaisha," akasema.

"Limeisha. Limeoshwa."

"Mama, mimi ninakuelewa, naziona ndoo. Lakini wenzangu wawili wataona plastiki tupu. Hakuna kinachowaambia kwa nini hili ni safi na dunia nzima hapa ni tope. Sheria inakupa nusu saa ya marekebisho. Pitisha tope kidogo. Kidogo tu, milangoni na kwenye madigadi. Kazi nyingine yote ni ya kwanza, sijaona kama hii mwaka huu. Mlango ni wako." Akatazama saa yake na kwenda meza ya pili.

Nilibaki nimesimama. Kwenye mkoba nilikuwa na kila kitu: unga wa tope, brashi, gundi. Dakika kumi zingetosha. Nikamgeukia baba ili nijifanye hakuna kilichosemwa, nikamkuta ananitazama.

"Weka," akasema.

"Baba..."

"Weka tope, mama. Nimesikia. Nimeliona safi, mimi imenitosha. Watu kumi na mmoja walijua, wengine hawana haja ya kujua. Wewe umekaa na hii kazi mwaka na zaidi. Weka, ushinde."

Alisema huku ananiangalia machoni, na sauti yake ilikuwa ile ile ya "sisi hatukuwepo." Sauti ya duka limefungwa. Basi nikashika moto! Nikafungua mkoba, nikamimina unga wa tope kwenye kifuniko, nikautia maji, nikachovya brashi. Nikainama juu ya lori, na brashi ikafika sentimita moja kutoka mlangoni. Mkono ukagoma. Nakuambia uligoma, kama punda. Nikawa natazama ule mlango safi, halafu nikamtazama yule fundi pembeni yake na ovaroli lake la pasi, na ndipo nikajiona nilivyo mpumbavu.

Miezi kumi na minne nimepaka tope kila kitu kwenye ule ubao. Nilipaka magari, nilipaka askari, nilipaka hata mizizi ya miti. Mtu mmoja tu sikumgusa. Nitampakaje baba yangu tope? Nilimheshimu, nikamwacha anang'aa, na lori lake nikalichafua. Kumbe nilikuwa nimeyageuza mambo kichwa chini miguu juu. Mtu aliyelala chini ya lori asubuhi ya mvua na kubadilisha mrija wa breki hawezi kusimama na ovaroli la bluu. Lile tope la lori lilikwenda wapi? Lilimwendea yeye.

Nikahamisha brashi. Nikaanza na magoti, kisha viwiko. Nikampaka kifuani, nikampaka mikononi mpaka juu ya viganja, nikaweka mafuta meusi kwenye kitambaa. Baba akasogeza kiti. Nikatia tope shavuni, upande mmoja. Nilikuwa nafanya haraka na mkono hautetemeki hata kidogo, ule mkono wangu wa kazini.

"Mgongoni umesahau," baba akasema.

"Mgongoni?"

"Nililala chali. Utabadilisha mrija umelala kifudifudi?"

Nikampaka mgongo, kuanzia kisogoni hadi visigino. "Na kisogo," akasema. "Na masikio. Hili la kushoto zaidi." Nikapaka sikio lenye ukubwa wa punje ya mtama. "Ongeza," akasema, na nilipomtazama alikuwa anacheka, miwani imemteremka puani. "Ongeza, mama, usiniogope!"

Tulipomaliza, ovaroli halikuwa na bluu hata ya kutafuta. Alikuwa amesimama pale mchafu kuliko kitu chochote kwenye ule ubao, mchafu kuliko gari lililonasa, na nyuma yake lori linametameta. Na sasa ukilitazama lile lori huwezi kuuliza swali. Jibu limesimama mbele yako na kitambaa mkononi. Nilijua palepale kwamba hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na nilitaka kupiga kelele.

Nusu saa ilipokwisha Tochi akaja na wenzake wawili. Aliona lori bado safi, akanitupia jicho la lawama, akawasha kitochi ili amalize. Mwanga ukapita mlangoni, ukateremka, ukamkuta yule mtu. Ukakaa kwake. Mmoja wa wale wawili akainama na kioo cha kukuza, akatazama lori, akatazama fundi, akarudi kwenye lori. "Aisee," akasema.

Tochi alizima mwanga wake. Hakunigeukia mimi, alimgeukia mzee mwenye koti.

"Shikamoo mzee. Ni wewe huyu?"

"Ni mimi," baba akasema. Akasimama, na kwa kusimama alitumia muda wake wote anaotaka. "Na lori ndilo hilo. Kagua."

Wakakagua. Alama za uchakavu nilipewa ishirini na nane kati ya thelathini, na zote, Tochi aliniambia baadaye, ziliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja wa sentimita tano. Jina la kazi yangu lilipotajwa, mume wangu, yule yule asiyesifu, alipiga makofi mpaka saa ikamvuka mkononi. Mimi sikupiga kelele wala sikuruka. Nilikuwa natafuta baba amekwenda wapi.

Nilimkuta karibu na mlango wa kuingilia, mbele ya sanduku la kioo lililokuwa bado tupu. Alikuwa ameshika simu mbali na sikio na anaongea kwa sauti ya kuvukisha mto, kama wazee wote wanavyoongea na simu. Alikuwa amempigia dada yake, shangazi yangu mkubwa, ambaye masikio yamechoka. Ukumbi mzima ulikuwa unamsikiliza.

"Makumbusho!" alikuwa anasema. "Niko makumbusho! Siumwi, nani kakwambia naumwa? Wameniweka mlangoni! Hapana, siyo ulinzi, dada, ulinzi kwa umri huu? Mimi mwenyewe, na lori langu! Ndiyo, lile la vita! Safi, dada, safi kama siku ile! Mimi ndiye mchafu!" Akasikiliza kidogo, akakunja uso, akaniona nimesimama pale na brashi yangu bado mkononi. "Nini? Nani kaliosha?" Akaninyooshea kidole mbele za watu wote. "Binti yangu ndiye ameliosha! Ndiyo, yule wa meno!"

Nililia palepale, mbele ya Tochi na vifaru vyote, na wala sikuinamisha kichwa.